Ni Goli, Si Goli

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina lake la shuleni. Aliitwa Chiriku, na jina lilimkaa sawasawa, kwa sababu yule binti alikuwa na mdomo. Jamani, alikuwa na mdomo! Alianza kusema asubuhi macho yakiwa bado yamefumba, akasema akipiga mswaki, akasema na chakula kinywani, mpaka mama yake akamwambia, "Iko siku utajiuma ulimi, nasi tupumzike." Hakujiuma. Ulimi wenyewe ulikuwa hautulii mahali pamoja hata meno yaupate.

Mtu mmoja tu pale nyumbani aliupenda mdomo ule, naye ni bibi yake. Bibi alikuwa mgonjwa wa mpira. Timu yake ilikuwa ile ya mtaani, yenye jezi za zambarau, na watu wakaiita hivyo hivyo, Zambarau. Macho ya Bibi yalipoanza kuingia ukungu, akawa haoni mbali zaidi ya kiganja chake. Mwingine angekaa nyumbani akasikitika. Bibi? Thubutu! Alimchukua mjukuu wake, akampandisha juu ya ukuta wa uwanja, yeye mwenyewe akasimama chini yake ameshika pindo la gauni la mtoto asije akaanguka, akamwambia, "Haya, sema. Wewe ndiye macho yangu. Lakini ukinidanganya nakushusha."

Basi Chiriku akasema. "Zambarau anao, anakwenda, anakwenda, kamtoka mmoja, kamtoka wa pili, Bibi, kaanguka!"

"Kaanguka mwenyewe au kaangushwa?"

"Kaangushwa!"

"Mtukane huyo aliyemwangusha. Mwambie ni salamu zangu."

Na mtoto anamtukana yule beki, tusi dogo la kitoto, ukuta mzima unacheka. Haukupita muda, watu wenye macho yao mazima wakawa wanasogea pale ukutani kusikiliza, kwa sababu mechi ya mdomoni mwa Chiriku ilikuwa tamu kuliko ile ya uwanjani. Alitia chumvi kidogo, ndiyo. Chakula gani hakitiwi chumvi?

Alipokua akawa msusi. Saluni yao ilikuwa chumba kimoja, viti viwili, vioo viwili, kimoja kina ufa, na mashine ya kukausha nywele iliyonguruma kana kwamba inadai talaka. Juu ya kabati palikuwa na redio isiyozimwa. Humo ndani Chiriku alisuka, akasimulia, akasikiliza redio, akajibu simu aliyoibana kwa bega, vyote kwa mpigo.

"Mimi nina masikio mawili," alijigamba, "na kila moja lina kazi yake."

Mwenzake wa kiti cha pili, mama mmoja mnene mwenye kicheko cha kutikisa vichana mezani, alimwambia, "Mshika mawili, moja humponyoka."

"Hao ni wenye mikono miwili. Mimi nashika manne."

Na kweli watu walimwamini, ila mteja mmoja. Huyo siku moja alikaa kitini, redio ikitangaza mechi, simu ikiwa begani kwa Chiriku, akasema, "Mbele usikate." Chiriku akachukua mkasi, kacha! Mbele pakakatwa. Wiki nzima walibishana, huyu akisema, "Nilisema usikate," na huyu akisema, "Ulisema ukate, nimekusikia kwa sikio langu hili." Mteja akaenda kusukwa kwingine, naye Chiriku akasema na aende, watu wengine hawajui wanachokitaka.

Sasa katika wateja wa saluni ile alikuwemo Mama Bosi, mwenye redio ya mji. Mwanamke wa maneno machache na pete nyingi. Siku hiyo alikuwa amekaa chini ya ile mashine ya kukausha, naye Chiriku alikuwa akimsimulia mwenzake mechi ya jana yake, amesahau nywele alizozishika, anarusha kichana kama mpira. Mama Bosi akainua kofia ya mashine kidogo. Akaiinua zaidi. Mwisho akaitoa kabisa, nywele bado mbichi, maji yakimtiririka shingoni.

"Hebu rudia hiyo kona," alisema.

Chiriku akarudia. Mama Bosi akaeleza shida yake. Mtangazaji wake wa mpira, Mzee Kipaza, koo lilikuwa limekwisha. Daktari alikuwa amemwamuru anyamaze, na mzee alikuwa ananyamaza kwa uchungu, anaandika matusi kwenye karatasi. Alitakiwa mtu.

"Zimebaki mechi tatu za msimu," Mama Bosi alisema. "Nakupa zote tatu. Ukifaa, kipaza sauti ni chako. Usipofaa, utaendelea kunisuka. Ila nakwambia jambo moja, na ulishike: redio yangu haikai kimya. Redio ikinyamaza watu hudhani betri zimekwisha, wanaigonga gonga, halafu wanahamia kwingine."

Kunyamaza? Mimi? Chiriku alicheka hadi akashika kiti. Alitoka mbio na ndara za saluni, kichana kimechomekwa nyweleni, akavuka barabara bila kutazama, akaingia kwa Bibi akipiga kelele. Siku hizo Bibi alikuwa haoni kabisa na haendi tena uwanjani. Aliposikia habari yenyewe alisimama, akashika uso wa mjukuu wake kwa mikono miwili, akaupapasa kama anayehakikisha ni yeye kweli.

"Sasa utakuwa macho ya mji mzima," alisema Bibi. Kisha akaongeza, maana hakuwa mtu wa kuacha jambo zuri likae peke yake, "Na wao ukiwadanganya watakushusha."

Mechi ya kwanza ilikuwa harusi! Chiriku alipewa kiti juu ya jukwaa la mbao, upande mmoja wa uwanja, kipaza sauti mbele yake, hedifoni masikioni. Kwenye hedifoni ilikuwamo sauti ya fundi mitambo, kijana mrefu mpole aliyeitwa Mnong'ono kwa sababu hata akikanyagwa mguu husema "samahani" kwa sauti ya chini. Kazi ya Mnong'ono ilikuwa kusimama nyuma ya goli la mbali na redio ya mkononi ya kuongelea, kwa sababu kutoka jukwaani goli lile lilionekana kama kiberiti na mshika kibendera alizibwa na watu. Yeye angeona, angemwambia, naye angeuambia mji. Bahati nzuri siku hiyo mabao yote yaliingia goli la karibu, na Mnong'ono hakuwa na la kusema. Chiriku aliruka, aliimba, aliwapa wachezaji majina mapya, na jioni ile kila genge na kila duka lilikuwa likimwiga.

Mechi ya pili ndiyo iliyomtoa jasho.

Zambarau walikuwa nyuma kwa bao moja, dakika zimeyoyoma. Ukatokea mpira mrefu kwenda goli la mbali. Chiriku alikwenda nao, ulimi unakimbia kuliko wachezaji: "Anaupokea, anageuka, kipa ametoka, jamani kipa ametoka, anapiga..." Wavu ukatikisika. Sikioni mwake sauti ya Mnong'ono ikasema maneno mawili, ikayarudia. Chiriku aliyasikia. Angeapa mbele ya hakimu kwamba aliyasikia.

"Ni gooooooli!" alipiga ukelele. "Ni goli, ni goli, ni goli la Zambarau!"

Lo! Mji ukapasuka. Kinyozi wa kona alikuwa akimtengeneza mteja masharubu. Aliruka na wembe mkononi, na upande mmoja wa masharubu ukaenda na furaha ile. Muuza nyama alimkumbatia mtu aliyekuwa hajasemezana naye tangu mwaka jana. Na Bibi, pale nyumbani, alitupa mkongojo akaingia kucheza katikati ya chumba, akacheza, akacheza, akakanyaga ukingo wa mkeka, akaanguka, mguu ukateguka.

Halikuwa goli. Mfungaji alikuwa ameotea, kibendera kilikuwa juu kitambo, na mpira ulikuwa umeshaanza upya wakati Chiriku bado anaimba. Zambarau walifungwa, na mji mzima ukajua kuwa umefurahi bure.

Ole wake! Kesho yake hakuweza kupita njiani. "Chiriku!" wanamwita kutoka ng'ambo. Akigeuka: "Ni goli au si goli?" Watoto wakaufanya mchezo, mmoja anaita "Ni!" wenzake wanajibu "Si!" na kuangua kicheko. Mwenye nusu masharubu alipita saluni kwa makusudi, akasimama mlangoni, akamwonyesha tu uso. Mama Bosi alituma ujumbe mfupi: imebaki moja. Lakini lililomuuma kuliko yote lilikuwa Bibi. Alimkuta ameweka mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa, na redio imegeuzwa uso ukutani.

"Bibi, pole."

"Nani huyo? Sisikii. Siku hizi masikio nayo yananidanganya."

Chiriku alitoka pale moyo unamchoma, akaenda moja kwa moja redioni kumtafuta Mnong'ono. Lazima mtu abebe lawama, na huyo hakuwa yeye. Alimkuta katika chumba cha kurekodia, kile kilichobandikwa trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi.

"Kwa nini uliniambia ni goli?"

"Nilisema si goli."

"Ulisema ni! Nilikusikia!"

"Nilisema si." Mnong'ono hakupandisha sauti, hakujua inavyopandishwa. "Na mtambo ulirekodi. Kaa usikilize."

Akamvika hedifoni, akabonyeza. Chiriku alikaa amekunja mikono, tayari kushinda. Ikaja sauti ya Mnong'ono, safi kama maji ya mtungini: "Si goli. Si goli, dada. Si goli."

Chiriku akavua hedifoni, akaitazama, akaivaa tena. "Rudia." Ikarudiwa. "Rudia." Mara ya mwisho aliinuka kitini mikono kichwani, na badala ya kuona haya, mwili mzima ulimsisimka.

"Mnong'ono! Ilikuwa humu! Ilikuwa ndani ya sikio langu hili! Nilikujua kuwa ni wewe, nilijua umesema goli, ila 'si' imekwenda wapi?"

"Labda ulikuwa unapiga kelele."

"Haikuzibwa na kelele, 'goli' mbona niliisikia?" Alizunguka chumba kile kidogo, hatua mbili huku, hatua mbili kule. "Nilikuwa nasema. Akili yote iko ulimini. Ya kusikilizia imebaki kipande, na kile kipande kimeokota neno kubwa kikaacha dogo. Halafu mahali pa lile dogo, moyo wangu ukaweka ulichokitaka. Jamani! Ukate, usikate! Yule mama wa watu alisema usikate!"

Mnong'ono hakuelewa habari za mama wa watu, lakini alimwona amekwishafika mlangoni.

Kilichofuata pale saluni kilikuwa vituko. Chiriku hakutaka kuamini kwamba ni sikio lake peke yake lililo bovu, kwa hiyo akaanza kuwapima wengine. Alimwambia mwenzake, "Nisimulie ulivyokutana na mumeo, na usisimame hata nikikusemesha." Mama yule, ambaye hadithi hiyo aliipenda kuliko hata mume mwenyewe, akaanza. Katikati ya hadithi Chiriku akamnong'oneza sikioni, "Usifunge mlango."

"Nimesema nini?"

"Umesema nifunge mlango. Halafu nini, kuna baridi?"

Chiriku akaruka! Akamshika mteja aliyekuwa kitini, akamwomba ahesabu kurudi nyuma kwa sauti, akamnong'oneza, "Hatuli leo." Mteja akasema amesikia habari ya kula. Akamwita kinyozi wa kona, akamwambia aimbe wimbo wowote, akamwambia, "Sikudai." Kinyozi akaacha kuimba akaapa kwamba hadaiwi na mtu. Wote walijua aliyewasemesha ni mwanamke, walijua ana haraka au hana, walishika neno nene la katikati. Lakini kile kisilabi chembamba, "si," "ha," kinachogeuza ndiyo kuwa hapana, kiliwapita kama nzi. Kitu kimoja tu kilimgutua kila mtu hata akiwa katikati ya wimbo: jina lake. Ukimnong'oneza mwenzake "Mama Kicheko," ulimi ulisimama hapo hapo, masikio yakafunguka.

Saluni ilijaa. Watu waliokuja kumcheka walibaki kupimwa, wanabishana, wanashangaa masikio yao wenyewe. Mama Kicheko akafuta machozi ya kucheka akasema, "Basi njia mbili zilimshinda fisi, sembuse wewe Chiriku."

"Sembuse mimi!" akaitikia Chiriku, na kwa mara ya kwanza hakumbishia.

Ila bado jambo moja lilimkera. Alikwenda kwa Bibi, akaketi sakafuni karibu na kile kigoda. Bibi akageuza uso. Chiriku hakujali.

"Bibi, kule ukutani, nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nasema na huku nakusikiliza. Niliweza. Sasa nimeharibika lini?"

Bibi alijaribu kununa, akashindwa. Alicheka hadi mguu ukamuuma. "Wewe unisikilize mimi? Huku unasema? Mtoto ulikuwa husikii hata radi! Nilikuwa navuta gauni. Nikivuta unanyamaza, ukinyamaza ndipo nauliza. Nisingevuta, ningeuliza mpaka kesho."

Maisha yake yote Chiriku alifikiri pindo lile lilikuwa la kumzuia asianguke.

"Hiyo mechi ya mwisho," Bibi alisema, "nitakuja. Na uvae gauni. Suruali haina pa kuvuta."

Walipanga basi, yeye na Mnong'ono. Jambo likitokea goli la mbali, Mnong'ono ataita kwanza "Chiriku," na Chiriku atafunga mdomo kabisa, asikilize, ndipo atangaze. Alipompelekea Mama Bosi mpango huo, Mama Bosi alizungusha pete zake.

"Kimya? Kwenye redio yangu? Kanyamazie kwenu."

"Mama, muda wa kuvuta pumzi tu."

"Mtangazaji anavuta pumzi anapokwenda likizo. Ukinyamaza, umeniaga."

Hivyo ndivyo Chiriku alivyopanda jukwaani siku ya mwisho: akinyamaza amefukuzwa, akikosea amefukuzwa. Alivaa gauni pana la rangi ya zambarau, ana hofu na ana hamu, asijue ipi ni ipi. Bibi alipandishwa na watu wawili akiwa anawaamrisha wote wawili, akakalishwa kwenye kigoda nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akapapasa mpaka akalipata pindo. Akalizungusha kidoleni.

"Haya," alisema. "Sema."

Jamani mechi ile! Waliokuwa wanacheza na Zambarau ni Mistari, mahasimu wao wa tangu enzi, nao walihitaji sare tu kulichukua kombe. Zambarau walihitaji ushindi. Kipindi cha kwanza watu waliumia roho. Kipindi cha pili Zambarau wakapata kona goli la karibu, kichwa, ndani! Chiriku alililia goli lile hadi sauti ikakwaruza, na mji mzima ukalia naye. Moja bila. Baada ya hapo Mistari walishuka kama siafu. Walipiga mwamba. Walipiga tena, kipa akadaka. Kinyozi wa kona alikuwa ameweka wembe mbali na uso wa mtu yeyote. Muuza nyama alikuwa ameshika kisu hewani na nyama haikatiki.

Dakika za nyongeza. Mpira ukaenda goli la mbali, na safari hii goli la mbali lilikuwa la Zambarau.

"Wanakuja, Mistari wanakuja, mzuieni jamani, amempita beki, amebaki na kipa, anapiga..."

Wavu ukatikisika. Jukwaa lote likatoa sauti moja, ile ya mtu aliyepigwa ngumi tumboni. Watu walishika vichwa. Wachezaji wa Mistari walirukiana. Kila alichokiona Chiriku kilisema goli, na sikioni sauti ilikuwa imeshaanza, na yeye ulimi ulikuwa umekwisha kuondoka, tayari kulia, tayari kuuambia mji habari mbaya: "Ni go..."

Pindo likavutwa.

Halikuvutwa kidogo. Bibi alilivuta kwa nguvu zake zote, kiti kikasogea, na Chiriku, kama alivyofanya mara elfu juu ya ule ukuta, akanyamaza.

Redio ya mji ikakaa kimya. Mama Bosi, ofisini, alisimama. Kinyozi alikigonga gonga kile kiredio chake. Watu walitazamana. Hakuna betri iliyokuwa imekwisha. Ilisikika pumzi ya mwanamke, basi. Muda wa kumeza mate mara mbili, na kwa Chiriku ulikuwa mrefu kuliko msimu mzima, maana alijua kipaza sauti kinamtoka mikononi huku anakiangalia.

Na ndani ya kimya kile, neno kwa neno, likaja: "Chiriku. Si goli. Ameshika kwa mkono. Mwamuzi anakataa. Si goli, dada."

Silabi ile ilimwingia kama maji baridi siku ya jua.

"Si," akasema Chiriku, taratibu, kwa sauti ambayo mji haukuwahi kuisikia kwake. "Si goli." Halafu akapanda juu ya kiti. "Si goli! Ameushika kwa mkono, mwamuzi amelikataa! Si, si, si goli, jamani, siiii!"

Na mji ukajibu. Kutoka madukani, madirishani, barabarani, watu walioifanya silabi ile matusi ya kumkebehi sasa waliipiga kelele kwa furaha: "Siii! Siii!" Muuza nyama alitupa kisu akatupa na nyama. Kabla mji haujatulia, filimbi ya mwisho ikalia. Kombe la Zambarau! Watu walimiminika uwanjani, jukwaa likatikisika, Chiriku analia, anacheka, anasema, sauti imebaki nusu, mpaka akatua kitini akaweka kipaza sauti mezani. Alisahau kukizima.

Pindo likavutwa tena, polepole.

Aligeuka. Bibi alikuwa ameinua uso kuelekea kwenye kelele, anatabasamu kama mtu aliyeletwa karamuni na hajapewa sahani.

"Watu walipiga kelele sana," Bibi alisema. "Mimi sikupata kitu. Imekuwaje?"

Chiriku akashuka kitini, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono.

Mnong'ono alikuwa anapanda ngazi za jukwaa mbio, ameona taa ya mtambo bado nyekundu, mkono wake umeshafika kwenye swichi, simu yake ikalia. Alikuwa Mama Bosi, anasema kwa haraka, na nyuma yake simu za ofisi zote zinalia kwa pamoja. Mnong'ono alisikiliza kwa sikio moja, la pili likiwa kwa Bibi. Halafu akakumbuka. Akageuka, akaziba lile sikio la pili.

"Samahani, Mama. Umesema nizime, au nisizime? Rudia."

"Usi! Usizime! Na mwambie huyo mtangazaji wangu Jumatatu aje asaini."

Mnong'ono akautoa mkono kwenye swichi, akakaa chini kwenye ngazi, akawaacha hewani bila wao kujua. Kinyozi aliinama kwenye kiredio chake. Barabarani watu waliokuwa wanaruka walinyamazishana, maana redio ilikuwa inasema tena, kwa sauti ndogo, na sauti hiyo haikuwa inasema nao.

"Nianzie wapi, Bibi?"

"Anzia pale uliponyamaza."

Chiriku akavuta pumzi.

"Mpira uko wavuni, Bibi," alisema, "na mimi bado sijui."